Vyombo ni vya Nani? Kwa Anayetaka Kuandika Hadithi ya Bendi

Miaka minne iliyopita nilianza kuandika hadithi ya mfululizo kuhusu bendi ya roki ya Dar es Salaam. Bendi ya kubuni, kuanzia mpiga besi hadi kijana wa kubeba spika. Nilitaka kusimulia maisha yake yote: inavyoanzishwa na vijana wanne waliomaliza shule mwaka 1968, inavyobadili muziki mara tatu, inavyogombana na wakubwa, inavyozeeka. Niliandika sura kumi na moja kwa furaha ambayo sikuwahi kuipata katika kazi nyingine yoyote. Halafu nikampelekea mzee mmoja wa Magomeni, aliyepiga gitaa la ridhimu kwenye bendi za dansi kwa zaidi ya miaka ishirini. Macho yake hayawezi tena herufi ndogo, kwa hiyo nilikwenda kumsomea.

Nikamwamkia, akaitika, mkewe akanitolea kigoda, nikaanza. Nilipofika mwisho wa sura ya kwanza, pale vijana wangu wanapokubaliana kuunda bendi na Jumamosi ileile wanapiga ukumbini, mzee akainua kidole.

"Mwanangu, hivyo vyombo ni vya nani?"

Nikamjibu ni vyao.

"Wamevipata wapi?"

Nikanyamaza. Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu: magitaa matatu ya umeme, amplifaya, dramu, maiki, spika, na gari la kuvibeba. "Watoto waliomaliza shule juzi?" Aliuliza kama fundi anavyouliza nyumba imesimama juu ya msingi gani, na mimi msingi sikuwa nao.

Swali lile liliziangusha sura zote kumi na moja, na ndilo ninalotaka kukukabidhi leo. Kama unaandika riwaya, mchezo wa redio au filamu kuhusu bendi ya kubuni ya kwetu, usianze na majina, wala sare, wala kibao kilichowapa umaarufu. Anza na vyombo. Jua ni mali ya nani, vinalala wapi, na ufunguo wa stoo anao nani. Ukishayajua hayo, utajua pia kwa nini mtindo ulibadilika na kwa nini ugomvi ulizuka.

Kosa langu lilitokana na kujifunza maisha ya bendi kutoka Ulaya na Marekani. Kule simulizi inajulikana: marafiki wa mtaa mmoja, gereji ya baba, meneja, albamu ya kwanza, kisha albamu ya tatu ambayo ndani yake wanageuza muziki na mashabiki wananuna. Kwetu, kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960 hadi 1980, mwanamuziki wa bendi kubwa alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Vijana Jazz ilikuwa chini ya umoja wa vijana wa chama tawala. Bima Lee ilikuwa ya shirika la bima, UDA Jazz ya shirika la mabasi ya jiji, na jeshi, polisi, magereza na JKT nao walikuwa na bendi zao. Mzee aliniambia gitaa lake la kwanza la kazini lilikuwa na namba ya rangi nyeupe nyuma ya kichwa chake, kama ile inayoandikwa chini ya meza za ofisi. Nikamwomba anionyeshe iliandikwaje. Akachukua kipande cha mkaa, akaichora sakafuni, namba yote, bila kusita.

Si bendi zote ziliendeshwa hivyo. Orchestra Maquis, wanamuziki waliotoka Zaire wakaweka makao Dar es Salaam, walijiundia kampuni yao wenyewe. Orchestra Safari Sound ilikuwa ya mfanyabiashara. Sitaki kukufungia mlango mmoja. Ninachokuomba ni uchague, na ukishachagua, ubaki na uamuzi wako hadi sura ya mwisho, kwa sababu bendi ya kiwanda haiwezi kuamua mambo kama bendi ya mfanyabiashara, na zote mbili haziwezi kuvunjika kama bendi ya marafiki.

Angalia jina tu. Chama cha wafanyakazi kilipobadilika kutoka NUTA kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Chama kilipokuwa OTTU, ikawa OTTU Jazz. Wapiga magitaa hawakuitwa mkutanoni kuulizwa wanapenda waitweje. Miaka yote hiyo mtindo wao uliitwa msondo, na siku walipoachana na chama, jina walilotoka nalo ni hilo: Msondo Ngoma. Niliposoma historia ile vizuri nilifuta jina la bendi yangu, ambalo nilikuwa nimelitafuta wiki nzima, nikaiita tu Bendi. Na wanamuziki nikawaita kwa kazi zao: Solo, Ridhimu, Besi, Tumba, Mwimbaji. Nakushauri ufanye hivyo kwenye daftari lako. Majina yatakuja baadaye, na utakuwa tayari unamjua aliyewabandika.

Jambo moja hapa: usimgeuze mwenye vyombo kuwa adui wa hadithi nzima. Ndiye aliyelipa mshahara mwisho wa mwezi, ukumbi ujae au usijae. Mzee alilazwa miezi miwili mwaka mmoja na mshahara wake ukaendelea kuingia. Anapolisimulia hilo sauti yake inabadilika kabisa. Leo nawajua wapiga gitaa wazuri wasio na uhakika wa chakula cha kesho. Mwandishi anayeona upande mmoja tu wa habari hii atawaandikia wasomaji wake bendi ambayo hakuna aliyeipigia.

Sasa, mtindo unabadilikaje? Katika rasimu ya kwanza Solo aliamka asubuhi moja akiwa amechoshwa na muziki wa zamani, akatunga kitu kipya. Inawezekana. Lakini ukitazama bendi zetu utaona mara nyingi mtindo ulihama na watu. Mwenye vyombo alibaki na vyombo. Mwanamuziki aliondoka na vidole vyake na sauti yake. Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978, wengi waliingia wakitoka Dar International, na mtindo ukaitwa sikinde. Mwaka 1985 mwenye Safari Sound aliwachukua wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mpigo, mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar wakiwamo, na mji ukapata mtindo mpya, ndekule. Mfuate Gurumo peke yake, kutoka NUTA hadi Mlimani Park, kutoka hapo hadi Safari Sound, kisha kurudi nyumbani Msondo, utaona jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa nguzo ya mitindo mitatu. Mwimbaji Hassan Bitchuka naye alihama na kurudi kati ya Msondo na Sikinde, na wapenzi wa pande zote mbili walimlilia na kumpokea.

Ndiyo maana sura ninayoipenda kuliko zote katika hadithi yangu haina muziki. Ni usiku mmoja Kariakoo. Mjumbe wa bendi pinzani ameegesha gari nyuma ya ukumbi, taa zimezimwa, anamsubiri Mwimbaji amalize zamu. Ndani ya bahasha mna mshahara wa miezi mitatu. Mwimbaji anavuka barabara, anarudi, anavuka tena. Nilimsomea mzee sura hiyo kwa hofu. Aliposikia Mwimbaji anarudi mara ya kwanza, alitikisa kichwa na kusema, "Mimi nilirudi mara mbili." Hakusema zaidi, nami sikumuuliza.

Ukitaka msomaji asikie kwamba muziki umebadilika, achana na sifa. Kuandika kwamba mtindo mpya ulikuwa wa moto, wa kusisimua, wa kipekee, hakumsaidii mtu asiyeweza kuusikia. Mimi nilifanya hivi. Nilichukua rekodi moja ya dansi ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikachora jedwali kwenye daftari: pembeni kushuka chini dakika, juu majina ya vyombo: solo, solo la pili, ridhimu, besi, tumba, dramu, matarumbeta. Nikasikiliza usiku kucha nikiweka alama kila chombo kinapoingia na kinaponyamaza. Asubuhi nilikuwa nimejifunza kitu ambacho nilikuwa nakisikia tangu utotoni bila kukijua. Sehemu ya kwanza, ya mashairi, ni ya subira. Mwimbaji anasimulia na magitaa yanampisha. Halafu inakuja chemko. Solo linashika kipande kifupi na kukirudia, ridhimu na solo la pili wanakiingilia katikati, matarumbeta yanajibu, na watu waliokuwa wameketi wanasimama. Ukiwa na jedwali kama hilo unaweza kuandika: siku hizo chemko liliwahi, shairi lilikuwa halijaisha watu wameshaingia uwanjani. Msomaji ataelewa mara moja kwamba mambo yamebadilika.

Kisha tafuta sababu iliyo nyuma ya alama zile. Bendi yangu ilianza kwa roki na soul, vijana wakipiga kopi za Wilson Pickett na Jimi Hendrix kwenye madansi ya mchana, kwa vyombo vya kukodi kutoka kwa mfanyabiashara mmoja. Shirika moja likawachukua mwaka 1970. Meneja alitaka bendi kubwa ya heshima, akaajiri wapuliza matarumbeta watatu, na Solo, aliyezoea kujaza kila nafasi kwa gitaa lake, ikambidi ajifunze kunyamaza. Hayo ni mabadiliko ya kwanza, na yametoka kwenye karatasi ya ajira. Ya pili yalikuja na uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980, wakati fedha za kigeni zilipokuwa adimu na nyuzi za gitaa hazipatikani dukani. Ya tatu ni ya miaka ya 1990, kinanda cha umeme kilipoingia. Kinanda kimoja kinaiga matarumbeta matatu, na kinaondoa mishahara mitatu. Ukiandika siku ile wapulizaji wanapoitwa ofisini, hutahitaji kumweleza msomaji kwamba muziki umebadilika.

Kuhusu uhaba nitakusimulia nilichokiona kwa macho yangu. Siku moja nilimuuliza mzee walifanyaje nyuzi za besi zilipochakaa. Hakujibu. Akamwita mjukuu wake alete sufuria na maji, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa la bati. Ndani mlikuwa na nyuzi nne nene, zimekunjwa duara, nyeusi kwa kutu na jasho la vidole vya miaka. Akaziweka kwenye maji yanayochemka juu ya jiko la mkaa, akakaa kimya akizitazama kama mtu anayesubiri uji. Baada ya muda maji yakawa na rangi ya chai. Akazitoa kwa kijiti, akazifuta kwa kanga kuukuu, moja baada ya nyingine, kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Sasa zitalia wiki mbili," alisema. "Halafu unachemsha tena. Mara ya tatu unaanza kusikia besi imechoka, na mtu wa tumba inabidi apige kwa nguvu ili kuificha." Mkewe akacheka kutoka jikoni, akasema sufuria zake zote ziliwahi kupikia nyuzi.

Sentensi ile ya mtu wa tumba iliingia kwenye hadithi karibu neno kwa neno, kwa ruhusa yake. Mabadiliko ya pili ya Bendi yangu yote yamejengwa juu yake: tumba likapanda juu kwa sababu besi imechoka, wapenzi wakalipenda, na nyuzi mpya zilipopatikana hakuna aliyetaka kurudi nyuma.

Swali la vyombo liliniokoa hata kwenye upande wa roki, nilikokuwa na wasiwasi kwamba nalazimisha kitu cha ugenini. Roki ilikuwapo huku. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam, ilirekodi albamu yake Zambia mwaka 1976. Zambia yenyewe ilikuwa na roki yake yenye nguvu, WITCH wakiwa mbele na mwimbaji wao Jagari Chanda, na agizo la Rais Kaunda kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia liliwapa vijana wale sababu ya kupiga vitu vyao wenyewe. Kwa hiyo usiogope gitaa linalounguruma. Ila jiulize linaungurumia kwenye spika ya nani. Katika hadithi yangu spika ya Solo ilipasuka, ikaanza kutoa mkwaruzo mzito, na Solo akaupenda mkwaruzo ule kuliko sauti yoyote aliyowahi kuitoa. Akapiga nao wiki tatu. Wapenzi wakaanza kuja kwa ajili yake. Mtunza stoo, mtu mwema anayejali mali ya shirika, akaiona spika mbovu kwenye ukaguzi, akaipeleka kwa fundi. Ilirudi nzima, inaimba kama kengele. Roki ya bendi yangu ilikufa hivyo, kwa mkono wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Tuje kwenye utata, maana najua ndio unaosubiriwa. Kila hadithi ya bendi inataka wimbo uliopigwa marufuku.

Lijue kwanza tukio halisi la wakati unaouandikia. Mimi nilikuwa nalo moja kubwa. Umoja wa vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, ikaanza tarehe 1 Januari 1969: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, dawa za kujichubua, vyote vikawekwa upande wa utamaduni wa kigeni. Mwezi Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana wangu wanne, waliokuwa na mwaka mmoja tu jukwaani, wakaamka muziki wao wote umekatazwa. Usiruke tukio la namna hii ukidhani linachosha. Ndani yake mna swali gumu ambalo watu wa wakati ule walilibishania kwa dhati, nchi iliyopata uhuru juzi inajengaje heshima ya vitu vyake, na kijana wa mjini anayependa gitaa anakaa wapi katika ujenzi huo. Mimi mwenyewe nawaelewa waliotaka ngoma zetu ziheshimiwe. Nawaelewa pia vijana. Sikumchagua mmoja, nikawapa wote wawili maneno mazuri ya kusema, na sura hiyo ndiyo iliyoniletea barua nyingi kuliko nyingine.

Sura ya pili ya utata nilikosea vibaya. Mwimbaji wangu ametunga wimbo kuhusu mgeni asiyeaga, wenye kiitikio: "Mgeni wetu, kigoda umekiotesha mizizi." Anamsema shemeji yake aliyekuja kwa siku mbili akakaa mwaka. Wasikilizaji wakasikia meneja mkuu wa shirika. Hapo nilijua niko sawa, maana wapenzi wa dansi wamefunzwa na mafumbo. Mpe msikilizaji wa kwetu wimbo wa kuku na mwewe, atakuambia mwewe anaishi mtaa gani. Lakini nikaendelea: nikaleta magari ya askari, ukumbi ukavamiwa, magitaa yakavunjwa, Mwimbaji akatokea mlango wa nyuma.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hakuja mtu."

Nikauliza maana yake.

"Hakuja mtu, mwanangu. Tulikuwa na wimbo kama huo. Tulikaa kwenye redio jioni, kipindi cha muziki wa dansi kinaanza, tunasubiri. Haukupigwa. Kesho yake tunasubiri. Haukupigwa. Wiki ya tatu tukaacha kukaa. Hakuna aliyetuambia kitu, na hakuna wa kumuuliza."

Nilikwenda nyumbani nikafuta askari wote. Mashairi ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, redio ya taifa ilikuwa moja, na redio binafsi hazikuja hadi mwaka 1994. Kuna hata kurekodi nje: mpaka wa Kenya ulifungwa tangu 1977 hadi 1983, na Nairobi ndiko kulikokuwa na viwanda vya santuri. Watu walivuka kwa njia zao, na mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifia Mombasa kwa ajali ya gari Januari 1979, lakini haikuwa safari ya kukata tiketi asubuhi na kurekodi jioni, kama nilivyokuwa nimeandika. Mahali penye mlango mmoja, ukimya wa mlango huo unatosha. Sasa katika hadithi yangu kuna ukurasa mzima wa watu sita wamezunguka redio, mmoja amekwisha kuvua viatu, chai inapoa. Wasomaji wameniambia wanauogopa ukurasa ule kuliko kama ungekuwa na bunduki.

Ukitaka kuona jinsi utata mkubwa unavyoweza kwenda upande mwingine, msome mwanamuziki Remmy Ongala. Mwaka 1990 alitoa "Mambo kwa Soksi," akiwahimiza wanaume watumie kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa unamaliza watu na wengi wakiona haya kuutaja. Redio ya taifa haikuupiga. Kumbini watu waliucheza na kuukariri. Remmy hakuanguka, alikuwa na jina lililoshafika Uingereza na wapenzi waliomwita Dokta, na miaka ya baadaye mwenyewe akageukia nyimbo za injili hadi alipofariki Desemba 2010. Mgeuko ule wa mwisho ungeandikwa na mtunzi, mhariri angesema umezidi. Kwa hiyo mhusika wako akitaka kubadilika kuliko ulivyopanga, mpishe.

Neno moja fupi kuhusu watu halisi: wataje kwenye hadithi kama majirani wa mbali, kwa yale yanayojulikana, na dhambi zote wape watu wako wa kubuni. Watoto wa wanamuziki wale wako mjini na wanasoma.

Mwisho wa Bendi ulinisumbua miezi mitano. Niliandika ajali, nikafuta. Niliandika onyesho kubwa la kuagana, nikafuta. Shirika linalofilisika halifanyi maonyesho ya kuagana. Hatimaye nikarudi kwenye swali la mzee. Kama vyombo ni vya shirika, na shirika linafungwa, basi siku moja vyombo vinarudishwa. Nikaandika hivyo: asubuhi, uani, daftari la stoo liko mezani, wanamuziki wamepanga foleni kwa umri. Solo anakabidhi gitaa alilolipiga miaka ishirini na mbili. Mtunza stoo, yuleyule wa spika, anasoma namba nyeupe, anaweka tiki, Solo anatia sahihi.

Nilikwenda Magomeni kumsomea mzee. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu, mkono uko begani, pale mkanda wa gitaa unapopita.

"Na mkanda je?" akauliza.

"Mkanda gani, baba?"

"Wa gitaa. Mimi mkanda niliununua kwa pesa yangu."

Nikafungua daftari palepale barazani nikaandika upya. Sasa Solo anafika mezani, anaweka gitaa juu ya daftari la stoo, anafungua mkanda upande wa chini, kisha wa juu, anaukunja mara tatu na kuutia mfukoni. Halafu ndipo anachukua kalamu.